Miguu Mia Tatu ya Bi. Zaituni

Msomaji ambaye si raia wa Ushwari huenda hajui kwamba katika jamhuri yetu hakuna mtu anayeruhusiwa kumsaidia mwenzake bila kibali. Serikali yetu inaipenda huruma kiasi kwamba haiwezi kuiacha mikononi mwa watu binafsi, ndiyo maana ikaianzishia wizara. Wizara ya Huruma ina jengo la ghorofa kumi na moja. Lifti yake inafika ya tisa, alipo Waziri. Wenye shida hupokelewa ya kumi na moja.

Sheria ya Huruma, kifungu cha saba, inataka kila shirika la hisani liwe na Mkurugenzi mmoja na Mkuu wa Fedha mmoja. Kazi ya Mkurugenzi ni kuwa na maono. Kazi za Mkuu wa Fedha ni tatu: kutunza fedha, kuweka sahihi na kuwajibika. Jina lake hupelekwa Wizarani pamoja na picha nne za pasipoti na sampuli tano za sahihi yake, ili siku akihitajika asipatikane mtu mwingine kwa makosa.

Mimi naitwa Kondo Malingumu. Wakati wa mambo haya nilikuwa mtunza masjala wa Shirika la Mguu Mpya. Nilipokea barua, nikazigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, nikazifungia kwenye majalada. Ni kazi ya heshima na haina mawazo. Naandika kwa sababu mjini watu wamesema mengi kuhusu Bi. Zaituni Mlapakolo, aliyekuwa Mkuu wetu wa Fedha, na wengi wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo. Nitaeleza yalivyotokea bila kumlaumu mtu, hasa mimi.

Shirika lilianza kwa sababu ya Machimbo ya Mawe ya Taifa, ambayo huipa nchi kokoto bora na, kwa bahati mbaya, huwachukulia watu miguu. Mashine za kusagia mawe ni za zamani na Serikali inaziheshimu. Daktari Idrisa Kasimbazi alikuwa akifanya kazi katika zahanati ya jirani na machimbo, na alichoka kuwafunga watu vidonda na kuwaruhusu waende nyumbani wakirukaruka. Siku moja akaenda kwa rafiki yake wa siku nyingi, Mwalimu Hilali. Mke wa Mwalimu ndiye huyo Bi. Zaituni, wakati huo mkuu wa makeshia benki.

"Dada Zai," alimwambia pale barazani kwao, "mafundi nitawapata. Mbao na ngozi nitazipata. Ninachokosa ni mtu wa fedha ambaye nikimpa mgongo sitahitaji kugeuka."

Bi. Zaituni aliacha benki akiwa amebakiza miaka minne kupata pensheni kamili. Alikuwa akitusimulia habari hiyo huku akicheka, kama mtu anayesimulia jinsi alivyoolewa.

Mwaka wa kwanza shirika lilitengeneza miguu arobaini na mmoja. Nakumbuka kwa sababu daftari lake lilikuwa masjala. Aliandika jina la mwenye mguu, bei ya kila msumari, na mahali mtu huyo alipokwenda siku ya kwanza alipoweza kutembea. Sokoni. Msikitini. Kwa mkwe, kudai mahari irudishwe. Daktari alipotaka kiti cha kuzunguka, Bi. Zaituni alimwonyesha hesabu kwamba kile kiti kilikuwa sawa na magoti mawili. Daktari akaendelea kukalia stuli, na tulimpenda sana miaka ile.

Kisha wafadhili wakatugundua. Walikuja kutoka ng'ambo wakiwa na kofia za jua na fomu. Fomu ziliuliza ni watu wangapi "wamefikiwa" na mguu, kwa maana kumpa mtu mguu na kumfikia ni mambo mawili tofauti, na la pili linalipa zaidi. Tukajengewa ofisi ya vioo. Karakana ilihamishiwa nyuma, baadaye ikahamishiwa stoo, kwa sababu pale ilipokuwa palitakiwa ukumbi wa kuwaonyesha wageni picha za karakana. Mheshimiwa Waziri wa Huruma alikubali kuwa Mlezi wa Miguu wa shirika letu, wadhifa ambao hauna mshahara, una posho tu. Daktari akapata kiti cha kuzunguka, na gari, na koti la suti lenye beji ya dhahabu ya umbo la goti.

Mwaka huohuo Mwalimu Hilali aliugua figo.

Alilazwa miezi minane. Bi. Zaituni alikuja ofisini asubuhi, akaondoka saa sita kwenda hospitali, halafu akawa haji kabisa. Kila Ijumaa Daktari alimtembelea mgonjwa. Alibeba chupa ya supu aliyopikiwa na mkewe, machungwa, na jalada la hati za malipo, moja kwa kila mguu. Mimi ndiye niliyekuwa nalifunga lile jalada. Nilikwenda naye mara mbili kubeba machungwa, nikaona kwa macho yangu.

"Weka tu hapa, dada," alimwambia. "Ni zile zile za kila mwezi. Usijichoshe kusoma."

Bi. Zaituni aliziweka hati juu ya goti lake, pembeni ya kitanda, mkono mmoja umeshika mkono wa mumewe. Alisaini kwa mkono uliobaki. Hakusoma. Mumewe alikuwa akihesabiwa pumzi, na aliyemletea hati alikuwa ndugu.

Mwalimu alipofariki, Daktari alikuwa wa kwanza kuingia kaburini kumpokea. Alilia mpaka ikabidi avutwe juu. Bi. Zaituni akakaa eda, na hati zikaendelea kumfuata nyumbani, safari hii zikiletwa na mke wa Daktari, chini ya kapu la mchele.

Alirudi kazini siku ya Jumanne. Kabla hajamaliza kupangusa vumbi mezani, aliingia mwanamke wa miaka kama thelathini, anatembelea gongo. Alikuwa Mwanaidi Shomvi. Mguu wake wa kushoto ulibaki kwenye mashine ya machimbo miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo alikuwa akija kila mwezi kuuliza kama zamu yake imefika. Kila mwezi alijibiwa kwamba mfumo unasasishwa.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa umerudi. Jina langu limefika?"

"Marahaba, mwanangu. Kaa, nitazame."

Bi. Zaituni akafungua orodha ya mwaka. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Kwa mujibu wa vitabu vyetu, Mwanaidi Shomvi alipokea mguu wa kushoto mwezi wa tatu, wa kulia mwezi wa sita, na mwezi wa kumi na mbili akapewa mwingine wa akiba. Ukiongeza ule aliozaliwa nao, alikuwa na minne.

Mwanaidi aliinamia daftari. Alikuwa anajua kusoma, jambo ambalo waandaaji wa orodha hawakulitarajia.

"Hii sahihi ya nani?" akauliza.

"Yangu," akasema Bi. Zaituni.

Mwanaidi alimtazama usoni. Hakumtukana. Alichukua gongo lake akasimama. "Basi nilikuwa nakusubiri bure," akasema, akatoka.

Bi. Zaituni alikwenda stoo, kwenye karakana. Fundi alimwambia kwamba mwaka mzima walitengeneza miguu kumi na tisa, na kwamba miezi minne hawakuwa na hata gundi. Vitabuni ilikuwa mia tatu. Alirudi, akapita mbele ya masjala bila kunisalimu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia kwa Daktari, akafunga mlango.

Masjala na ofisi ya Daktari vilitenganishwa na ubao mwembamba. Sikusikiliza. Nilisikia tu.

"Idrisa, miguu mia tatu iko wapi?"

"Dada Zai, kaa kwanza."

"Iko wapi?"

"Ulikuwa na msiba. Ningekusumbua vipi na mambo ya ofisi?"

"Hukunisumbua? Uliniletea hati mia tatu kando ya kitanda cha Hilali."

"Nilileta na supu," akasema Daktari.

Nadhani alisema kwa moyo safi. Supu ilikuwepo.

Halafu Daktari akaanza kueleza kwa sauti ya chini. Fedha zilikwenda kwenye mahusiano. Mlezi wa Miguu alikuwa na sherehe ya kutimiza mwaka mmoja wa ulezi. Wizara ilihitaji mchango wa shukrani, na kuna mchango mwingine wa kushukuru kwamba mchango wa kwanza umepokelewa. Nyumba yake ya Mlima Baridi ilikuwa imeingiliana humo kidogo, kihesabu tu. Akalia. Akasema ana watoto. Akaomba apewe wiki moja arekebishe mambo.

"Wiki moja," akasema Bi. Zaituni. "Kwa sababu ulimpokea Hilali kaburini. Si kwa sababu nyingine."

Baadhi ya watu husema alikosea kumpa ile wiki. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa hukumwona yule bwana akitolewa kaburini na udongo mpaka kwenye ndevu.

Daktari aliitumia wiki yake vizuri. Kila siku alikwenda ghorofa ya tisa na jalada la hati zile mia tatu chini ya kwapa. Siku ya nane hakuna kilichokuwa kimerekebishwa, isipokuwa tabasamu lake. Ndipo Bi. Zaituni akaandika barua ya kurasa mbili kwa mwenyekiti wa bodi, nakala kwa Wizara. Aliandika kila kitu, pamoja na kosa lake mwenyewe la kusaini bila kusoma. Aliniletea nakala tatu. Nikazigonga muhuri na tarehe.

"Hii moja ibaki kwako, Kondo," akaniambia. "Nyingine naweza kuambiwa hazikufika. Ya kwako najua haitapotea."

Niliona fahari. Si kila siku mtu wa masjala anaambiwa maneno kama yale.

Bodi ilikutana katika hoteli ya ufukweni. Mwenyekiti wake, Bwana Tendwa, alikuwa meneja mkuu mstaafu wa Machimbo ya Mawe ya Taifa, kwa hiyo suala la miguu alilijua tangu chanzo. Niliandika muhtasari. Mwenyekiti aliisoma barua, akavua miwani, akasema katika maisha yake ya utumishi hajaona mama jasiri kama huyu. Wajumbe wakapiga makofi. Bi. Zaituni alisimama, akakaa tena, maana alikuwa amejiandaa kubishiwa. Bodi ikaazimia kusikitika. Ikaunda Kamati ya Kusikitika yenye wajumbe saba na bajeti. Ikaazimia pia kuifahamisha Wizara ili ihusike ipasavyo. Kisha wakaletwa kambamti, na Mwenyekiti mwenyewe akampakulia.

"Mama, nenda nyumbani ukapumzike," akamwambia. "Haya sasa ni yetu."

Kesho yake alikuta kitasa cha ofisi yake kimebadilishwa. Aliambiwa ni kwa usalama wake. Siku tatu baadaye akapata wito wa kufika mbele ya Baraza la Uadilifu wa Huruma, kujibu shutuma za kuwaibia vilema.

Jumatatu kabla ya Baraza, Daktari aliniita. Alinikaribisha kwenye kiti, akaniagizia chai ya maziwa. Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kukaa katika ofisi ile.

"Kondo, watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Daktari."

"Mkubwa anaingia sekondari mwaka huu, sivyo? Ada si mchezo." Akakoroga chai yake. "Masjala yako ina joto sana. Nimekuwa nikiwaza, karatasi nyingine lazima huharibika kwa joto lile. Hebu niletee jalada la bodi nilitazame."

Nilimpelekea. Alasiri lilirudi. Mtu wa masjala hulijua jalada kwa uzito wake kama muuza nyama anavyoijua kilo, na lile lilirudi jepesi. Sikulifungua. Nililirudisha kwenye rafu, nikaanza kufikiria mambo mengine, na nilijitahidi sana.

Baraza lilikaa ghorofa ya tisa. Mheshimiwa Waziri aliongoza mwenyewe. Alifungua kwa hotuba ambayo ilitangazwa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali yenu ni sikivu, na leo imesikia kilio cha miguu. Mguu ni mhimili wa taifa. Taifa lisilo na miguu linasimama wapi? Hatutamvumilia mtu yeyote anayekula mguu wa mnyonge. Nimelia. Wasaidizi wangu wameniona nikilia, na waliohitaji ushahidi wamepewa picha."

Hati mia tatu zikawekwa mezani. Kila moja ilikuwa na sahihi, na mtaalamu wa Wizara akazilinganisha na zile sampuli tano, akathibitisha kwamba zote ni za Bi. Zaituni. Bi. Zaituni akasema hakuna aliyekataa.

Akaja Daktari. Alivaa kanzu, beji ya goti ameiacha nyumbani. "Huyu ni dada yangu," akasema, na machozi yakamtoka. "Mumewe nimemzika kwa mikono hii. Nilimpa mgongo, sikugeuka. Waheshimiwa, naomba mumwonee huruma, kwa sababu mimi nimeshindwa kumchukia."

Watu ukumbini wakapangusa macho. Bi. Zaituni alimtazama tu, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyofutika.

"Una la kujitetea?" Waziri akamuuliza.

"Niliandika barua, Mheshimiwa. Nilieleza yote kabla ya mtu kuniuliza. Bodi inasema haikuipata. Wizara inasema haikuipata. Lakini nakala ipo masjala, na aliyeigonga muhuri yuko hapa. Ni Kondo Malingumu. Muulizeni yeye."

Wakaniita. Nilikwenda mbele. Bi. Zaituni aliinua uso, na nikaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Bwana Malingumu," akasema Waziri, "unakumbuka kupokea barua hiyo?"

Daktari alikuwa anatazama dirishani. Sikusema kwamba haikuwepo. Huo ungekuwa uongo, na mimi si mwongo. Nilisema, "Mheshimiwa, sikumbuki." Na kwa kweli nilikuwa nimejizuia kuikumbuka tangu Jumatatu.

Hukumu ilichukua dakika sita. Kwa kuwa kifungu cha saba kinasema Mkuu wa Fedha ndiye mwenye kuwajibika, na kwa kuwa Mkuu wa Fedha alikuwa yeye, Baraza halikuona sababu ya kuangalia mbali zaidi. Nyumba yake iliuzwa kufidia hasara, pamoja na ile baraza ya mbele alikoombwa na Daktari aache benki. Aliondolewa kwenye orodha ya wahasibu. Na kwa kuwa alithibitika kuitumia huruma vibaya, alipigwa marufuku kumwonea huruma mtu yeyote kwa miaka kumi.

Mwezi uliofuata nilipiga picha nne za pasipoti na kupeleka Wizarani sampuli tano za sahihi yangu. Daktari alisema shirika linahitaji mtu wa fedha anayejua thamani ya utulivu. Mwanangu alianza sekondari.

Nilikaa miezi mitano bila kumwona Bi. Zaituni. Halafu Jumatano moja Daktari aliniwekea mezani hati mia moja na kumi, akasema wafadhili wanafika wiki ijayo, anazitaka Ijumaa. Nilizisoma zote. Nilikwenda stoo nikahesabu miguu. Ilikuwa saba. Nikajikuta natafuta mtu wa kumuuliza, na mtu niliyemfahamu mwenye ujuzi wa mambo hayo alikuwa mmoja tu.

Niliambiwa anaishi kwa Mwanaidi Shomvi, karibu na geti la machimbo. Siku ya hukumu Mwanaidi alikuwa ukumbini, nyuma kabisa, na watu wanasema alimsubiri nje mpaka walinzi walipofunga. Sasa wanauza uji na chapati kwa wafanyakazi wa kokoto. Mwanaidi anapika amekaa, Bi. Zaituni anabeba ndoo mpaka getini. Kila mwisho wa mwezi huja afisa wa Wizara kukagua kama Bi. Zaituni hamwonei mwenzake huruma, na Mwanaidi husaini fomu kwamba ananyanyaswa kwa kiwango cha kawaida.

Nilimkuta anapanga vikombe. Alikuwa amekonda, na mikono imeungua mvuke.

"Shikamoo, Bi. Zaituni."

"Marahaba, Kondo. Uji?"

Nikasema ndiyo. Nikakaa kwenye benchi, nikamweleza kuhusu hati. Alisikiliza huku akihudumia watu wengine.

"Umezisoma?" akauliza.

"Nimezisoma."

"Miguu ipo?"

"Ipo saba."

"Basi unajua kila kitu ninachokijua mimi."

Nilijaribu kumweleza kuhusu siku ile ya Baraza. Nilitaja ada, nikataja joto la masjala. Mwanaidi aliacha kukanda unga akanitazama, na nikanyamaza katikati ya sentensi.

Bi. Zaituni alipangusa mikono kwenye khanga yake. Hakupaza sauti.

"Idrisa hakuniumiza sana siku ile," akasema. "Yeye nilishamjua tangu ile wiki aliyoniomba. Lakini walipokuita wewe, nilishusha pumzi. Nilijisemea moyoni, haya yamekwisha, Kondo amefika."

Akajaza kikombe changu, akanitajia bei, kama anavyomtajia kila mteja. Nililipa. Niliposimama nilimwambia kwamba sitasaini, kwamba hati zile nitamrudishia Daktari mezani kwake. Bi. Zaituni akaitikia kwa kichwa, akageuka kumsikiliza mtu aliyekuwa anataka chapati mbili.

Nilizisaini Ijumaa, zote mia moja na kumi. Wale wanaopenda kunilinganisha na yeye naomba wazingatie tofauti moja. Mimi nilizisoma kwanza.